“Diverse” husifu kundi: matumizi ya kivumishi kimoja cha Kiingereza

Mara kwa mara Bunge letu hupitisha sheria ambayo kwa Kiswahili huitwa Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali. Ukiisoma kwa Kiingereza utakutana na kivumishi kizito, “miscellaneous”, nacho kimebandikwa kwenye marekebisho, si kwenye sheria. Yaani marekebisho yenyewe ndiyo ya mchanganyiko: kifungu cha sheria hii kimeguswa hapa, cha sheria ile pale, na vyote vikatiwa katika muswada mmoja kwa kuwa kila kimoja peke yake ni kidogo mno. Kwa Kiswahili, ni sheria zilizo mbalimbali au ni marekebisho? Sarufi haimlazimishi mtu kuchagua. “Mbalimbali” halichukui kiambishi cha ngeli yoyote. Linakaa mwishoni, na nomino zote mbili zilizotangulia zinaweza kulidai kuwa ni lake.

Mtafsiri wa jina hilo hakukosea hata kidogo. Neno ni pana, na kwa kazi ile upana unatosha. Ugumu huanza kwenye safari ya kurudi, pale mtu mwenye “mbalimbali” kichwani anapotaka kuandika Kiingereza. Anakuta mlangoni wamesimama “various”, “diverse”, “different”, “several”, “varied”, “assorted”, “sundry” na “miscellaneous”, na kamusi nyingi zinamwonyesha wote kwa tafsiri ileile. Anachukua kinachosikika kisomi zaidi.

Hicho kinachosikika kisomi ni “diverse”. Kwa mhariri anayepokea maandishi ya Kiingereza yaliyoandikwa Dar es Salaam, hakuna kivumishi kinachorudi mara nyingi kama hiki: kwenye wasifu wa waomba kazi, maandiko ya miradi, vipeperushi vya hoteli na kampuni za utalii, insha za wanafunzi. Na mara nyingi kimekaa mahali pa mwenzake. Naona inafaa tukifungue taratibu, kwa sababu kosa lenyewe halitokani na uvivu. Linatokana na namna Kiswahili kinavyofanya kazi, na ukiijua hiyo, kosa linaondoka lenyewe.

Kuhesabu na kupima umbali

Nenda Feri asubuhi, soko la samaki la pale karibu na kivuko cha Kigamboni. Muuzaji mmoja mezani kwake ana changu, vibua, nguru, kolekole na pweza. Jirani yake ana vibua watupu. Tumtazame huyo wa kwanza. Kiingereza kinaturuhusu kusema juu yake mambo mawili ambayo Kiswahili cha kila siku hukisema kwa neno moja.

La kwanza: “He sells various fish.” Sentensi hii inasema aina si moja, ni kadhaa, na msemaji hana haja ya kuzitaja. Basi. Ni hesabu iliyoachwa bila namba. La pili: “His stock is diverse.” Hapa msemaji amevitazama vyote vilivyo mezani kwa pamoja, akaona vimeachana sana: kuna wa miambani na wa maji makuu, kuna wa kukaanga na wa kupika mchuzi wa nazi, na kuna pweza ambaye hata si samaki. “Various” inahesabu. “Diverse” inapima umbali kati ya kitu na kitu.

Kwa hiyo mtu mwenye aina tatu za changu zinazofanana hadi mgeni hawezi kuzitenganisha, anauza “various fish” bila ubishi. Lakini meza yake haiwezi kuitwa “diverse”. Aina ni tatu, umbali kati yao haupo.

Kutokana na tofauti hiyo zinakuja kanuni za sarufi ambazo shuleni hufundishwa kama amri tu. “Various” inadai wingi, kwa sababu huwezi kuhesabu kadhaa katika kimoja. “Various culture” ni kosa. Iwe “various cultures”. Vilevile “various” hupenda kutangulia nomino: “The fish are various” ni sentensi iliyopo, ila ina harufu ya kitabu cha zamani. “Diverse” ni huru zaidi. Inaweza kutangulia nomino au kufuata kitenzi, na jambo kubwa zaidi ni kwamba inakubali nomino ya umoja, mradi nomino hiyo iwe na wengi ndani yake: “a diverse team”, “a diverse market”, “a diverse city”. Isichokubali ni umoja usio na wengi ndani. “A diverse fish” haina maana, kwa kuwa samaki mmoja hawezi kuwa mbali na nafsi yake.

Sasa rudi kwenye Kiswahili. “Mbalimbali” nalo linataka wingi, na hapa ndipo kiini cha tatizo kilipo. “Timu mbalimbali” ni Simba, Yanga, Azam na wenzao. Si timu moja yenye watu wa mchanganyiko. “Mji mbalimbali” hatusemi kabisa. “Mji tofauti” tunasema, ila maana yake ni mji usiofanana na mingine: mtu aliyehamia kutoka Dodoma akikaa kwenye foleni ya Ubungo jioni moja anaweza kusema Dar es Salaam ni mji tofauti, na tutamwelewa vizuri. Hajasema chochote kuhusu mchanganyiko wa wakazi wake.

Kivumishi cha neno moja kinachobandikwa kwenye umoja na kusema “ndani yake mna wengi walioachana” hatunacho katika matumizi ya kawaida. Tunazunguka, na tunazunguka vizuri sana: mji wenye watu wa kila namna, mji wa mchanganyiko, darasa lenye watoto wa kila asili, duka lenye bidhaa aina kwa aina. Lakini kwa kuwa nafasi hiyo haipo kichwani kama neno moja, tunapokutana na “diverse” tunaiingiza kwenye nafasi tuliyonayo tayari, ile ya “mbalimbali”. Ndiyo maana mtu anaandika “I have worked in diverse companies for diverse years”. Sehemu ya kwanza inapita, ila inatoa ahadi: msomaji Mwingereza anasubiri kuambiwa kampuni hizo zimeachana kwa lipi, moja labda ya madini na nyingine ya bima. Asipoambiwa anahisi amenyimwa kitu. Sehemu ya pili haipiti kabisa. Miaka haiachani hivyo. Miaka huhesabiwa, nayo inataka “several”.

Jaribio ninalowapa waandishi ni fupi. Mahali ulipoandika “diverse”, weka “kadhaa”. Kama sentensi haijapoteza kitu, basi ulikuwa unahesabu, na neno lako ni “various” au “several”. Kama kuna kitu kimepotea, “diverse” ibaki hapo, na hakikisha sentensi inayofuata inaonyesha umbali ulioudai.

Kiingereza cha 1611

Mwandishi wa Dar es Salaam anayetumia “diverse” kwa maana ya kadhaa ana ukoo mkubwa nyuma yake bila kujua. Kiingereza chenyewe kiliwahi kufanya hivyo kwa karne kadhaa.

Neno lilitoka kwenye Kilatini, “diversus”, lililogeukia upande mwingine, likapitia Kifaransa cha kale. Kitenzi hichohicho cha Kilatini ndicho kilichozaa neno la Kiingereza la talaka, watu wawili kila mmoja ameelekea kwake. Likiwa ndani ya Kiingereza, neno liliandikwa kwa namna mbili, “divers” na “diverse”, na kwa muda mrefu hapakuwa na mpaka thabiti kati yake. Lilimaanisha tofauti, na lilimaanisha kadhaa.

Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James, iliyochapwa mwaka 1611, imejaa “divers”, ile isiyo na herufi ya mwisho. Katika Waraka wa Yakobo 1:2 waumini wanaambiwa wafurahi wakiangukia katika “divers temptations”, na Biblia yetu ya Union imeweka “majaribu mbalimbali”, tafsiri iliyokaa sawasawa. Katika Waebrania 1:1 Mungu alisema zamani “in divers manners”. Union imesema “kwa njia nyingi”. Tazama hapo: mara moja mbalimbali, mara moja nyingi. Hayo ndiyo matumizi ya kuhesabu.

Baadaye, kufikia karibu mwaka 1700, matawi mawili yalitengana. “Divers” bila herufi ya mwisho ilibaki na maana ya kadhaa, ikazeeka, na leo inaishi kwenye maandiko matakatifu na nyaraka kongwe za sheria. “Diverse” ikabaki na maana ya kuachana kwa sura na tabia. Kwa hiyo ukiandika “I visited diverse regions” ukimaanisha mikoa kadhaa, msomaji wa enzi za Mfalme James angekuelewa bila shida. Wa leo atadhani unataka kumweleza jinsi Kilimanjaro isivyofanana na Lindi.

Jambo moja la kuangalia wakati wa kuandika: ukisahau hiyo herufi ya mwisho, programu ya kukagua tahajia haitakushtua, kwa sababu “divers” leo ni wapiga mbizi. Mradi wa jamii ukiandika kwamba unahudumia “divers communities”, mfadhili atajiuliza kama ni wale wa kutafuta pweza Kigamboni.

Ndugu wengine, kwa haraka

“Different” ndiyo mtumishi wa kawaida. “I asked different people” ni Kiingereza safi chenye maana ya watu mbalimbali, na mtu asiye na uhakika akiitumia hiyo hatapotea. Ila usiirudie mara mbili kama tunavyorudia “tofauti tofauti”. Kiingereza sanifu hakisisitizi kwa njia hiyo.

“Varied” husifu kitu kimoja ambacho kinabadilikabadilika ndani yake au kadiri muda unavyokwenda. Mlo unaweza kuwa “varied”: leo maharage, kesho samaki, keshokutwa mlenda. Maisha ya kazi ya mtu mmoja pia. Kwenye wasifu, “varied experience” mara nyingi ndiyo hasa aliyokuwa akiitafuta mtu aliyeandika “diverse”. “Diversified” ni jambo lililofanywa kwa makusudi, kama mfanyabiashara aliyegawa mtaji wake kati ya duka, bodaboda na vyumba vya kupangisha.

“Sundry” imebaki kwa wahasibu, na waliosoma biashara sekondari wanaikumbuka kwenye wadaiwa na matumizi mengineyo. “Assorted” iko kwenye maboksi ya jumla Kariakoo: ukinunua katoni iliyoandikwa hivyo, umekubali rangi na saizi zilizochanganywa kiwandani, huchagui. “Several” ina uso wa pili ambao ni hatari kuliko vyote hivi, kwa sababu unagusa mfuko. Kwenye mikataba ya mikopo ya Kiingereza utakuta wakopaji wanawajibika “jointly and severally”. Hapo haimaanishi kadhaa. Inamaanisha kwa pamoja na kila mmoja peke yake, yaani mwenzako akitoweka, benki inaweza kukudai wewe deni lote.

“Manifold” inastahili sentensi chache zaidi. Katika Petro wa Kwanza 4:10 Biblia ya 1611 inataja “manifold grace”, nasi tunasoma “neema mbalimbali za Mungu”. Ukitaka kuiona maana yake kwa macho, ingia kwenye maduka ya spea Ilala uulize manifoldi ya ekzosi. Utaletewa chuma kimoja chenye midomo mingi: moshi unaingia kutoka kwenye kila silinda kwa mdomo wake, halafu unatokea kwenye bomba moja. Wengi ndani ya kimoja. “Manifold” husifu hivyo hasa, wingi ulioshikiliwa na shina moja, na ndiyo maana hupendeza kwa neema au hekima, wala haipendezi kwa nyanya za Soko la Mabibo.

Aina kumi zinaweza kushindwa na aina nne

Sasa tufike mahali ambapo hata wazungumzaji wa Kiingereza wenyewe huteleza. Kama “diverse” inapima, inapima nini hasa?

Wanaikolojia, wataalamu wa viumbe na mazingira yao, walilazimika kulijibu swali hili kwa namba, maana huwezi kulinda msitu usioweza kuueleza. Mwaka 1949 mtakwimu Mwingereza, Edward Simpson, alichapisha katika jarida la Nature njia fupi sana. Wazo lake tunaweza kuliweka hivi: chukua kiumbe mmoja bila kuchagua, mrudishe, chukua tena bila kuchagua. Kuna uwezekano gani kwamba hao wawili ni wa aina moja? Uwezekano huo ukiwa mkubwa, mchanganyiko ni mdogo. Watumiaji wengi wa leo hugeuza hesabu na kuuliza uwezekano wa kupata wawili wa aina tofauti.

Turudi Feri na tufanye hesabu kweli. Meza ya kwanza ina samaki 100 wa aina 10. Lakini 91 ni vibua, na zile aina nyingine tisa kila moja ina samaki mmoja. Uwezekano wa kuchukua vibua mara mbili ni 0.91 mara 0.91, sawa na 0.8281. Ongeza uwezekano mdogo sana wa kurudia mmoja wa wale tisa, jumla 0.0009. Ukitoa kwenye moja unabaki na 0.171. Yaani katika kila majaribio 100, takriban 17 tu ndiyo yatakupa samaki wawili wa aina tofauti.

Meza ya pili ina samaki 100 wa aina 4 tu: changu 25, vibua 25, nguru 25, kolekole 25. Hesabu ileile inatoa 0.75. Majaribio 75 kati ya 100.

Meza ya kwanza ina aina nyingi zaidi na mchanganyiko mdogo zaidi. “Various” inaweza kutumika kwa zote mbili bila kusema uongo. “Diverse”, ukiitumia kwa uangalifu, inaielemea ya pili. Hili ni jambo ambalo waandishi wa ripoti wanapaswa kulijali sana. Shirika lenye wafanyakazi mia moja, ambamo kumi tu ni wanawake na wote kumi wako mapokezi na usafi, linaweza kutaja aina nyingi za watu kwenye ripoti yake ya mwaka. Kuliita “diverse” ni kuichukua sifa ya meza ya pili na kuibandika kwenye meza ya kwanza.

Mwanaisimu Mmarekani Joseph Greenberg alitumia wazo hilohilo kwa lugha mwaka 1956: chagua watu wawili wa eneo moja bila kuangalia, kuna uwezekano gani kwamba lugha zao za mama ni tofauti? Kipimo chake kinatusaidia kuutazama mji huu.

Tanzania ina makabila zaidi ya 120. Sensa ya 2022 iliwakuta Dar es Salaam watu 5,383,728. Hatuna namba rasmi ya wangapi kati yao ni Wazaramo, Wasukuma, Wahaya au Wamakonde, kwa kuwa sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ile ya 1967. Lakini panda daladala la Gongo la Mboto saa moja asubuhi, na hutahitaji takwimu kujua kwamba abiria wawili waliobanana kwenye siti moja pengine hawatoki mkoa mmoja. Kwa asili, gari hilo ni “diverse” kabisa. Kisha sikiliza: nauli inadaiwa kwa Kiswahili, ugomvi wa kukanyagana unapigwa kwa Kiswahili, simu inapokewa kwa Kiswahili, na watoto wa hao abiria, waliozaliwa Temeke na Sinza, wengi wao Kiswahili ndiyo lugha yao ya kwanza. Kwa kipimo cha Greenberg, kikiangalia lugha ya mama ya kizazi hiki, gari lilelile linapata alama ya chini.

Basi sentensi “Dar es Salaam is a diverse city” ni kweli au si kweli? Haijakamilika. “Diverse” daima inadai kigezo, na Kiingereza kimetengeneza njia nyepesi ya kukitaja: unatanguliza neno moja, “ethnically diverse”, “linguistically diverse”, “religiously diverse”. Kwa makabila mji huu uko hivyo bila shaka, kwa dini pia, na kwa lugha za majumbani inategemea unazungumzia nyumba ya nani, ya bibi au ya wajukuu. Mwandishi anayeongeza neno hilo moja amefanya kazi kubwa kuliko anayeongeza aya nzima ya sifa.

Kwa viumbe kigezo kimeshajulikana, ndiyo maana wanasayansi walipata neno moja lenye kila kitu ndani. Neno la Kiingereza la bioanuwai, “biodiversity”, lilibuniwa mwaka 1985 na Walter Rosen wa Marekani, na mwaka 1992 mkataba wa kimataifa wa kuhifadhi bioanuwai ukafunguliwa kwa saini Rio de Janeiro. Waliotutungia “bioanuwai” walifanya uamuzi ninaoupenda. Hawakutafuta kivumishi, walichukua nomino, “anuwai”, inayoutaja mchanganyiko wenyewe kama kitu kimoja. Matokeo yake tunaweza kusema kwamba msitu wa Pugu, hapo nje kidogo ya mji, una anuwai kubwa ya mimea na ndege, na tumesema “a diverse forest” bila kupoteza chochote. Ningependa kuiona “anuwai” ikitoka msituni na kuingia mjini, kwenye habari za shule, vyumba vya habari na mabaraza ya madiwani.

Tangazo la kazi linapotaka watu “diverse”

Imebaki maana moja, changa kuliko zote, na ndiyo inayowagusa vijana wengi wa mji huu kwa sababu imo kwenye matangazo ya kazi.

Chimbuko lake ni Marekani. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Allan Bakke, mwombaji aliyekataliwa nafasi ya kusoma udaktari katika Chuo Kikuu cha California. Jaji Lewis Powell alikataa vyuo kutenga idadi maalumu ya nafasi kwa rangi, lakini alikubali kwamba chuo kina haki ya kutaka wanafunzi wa mchanganyiko, na kwamba rangi inaweza kuwa kigezo kimojawapo kati ya vingi. Kuanzia hapo neno la mchanganyiko huo, “diversity”, likawa na uzito wa kisheria. Vyuo, kampuni na mashirika yakalikumbatia. Mwaka 2023 mahakama hiyohiyo, katika kesi dhidi ya vyuo vya Harvard na North Carolina, iliifunga njia hiyo ya kutazama rangi katika udahili. Lakini lugha ilikuwa imeshasambaa dunia nzima, pamoja na fomu na matangazo.

Katika safari hiyo “diverse” ilifanya jambo ambalo kanuni niliyoieleza mwanzoni inalikataa: ilianza kubandikwa kwa mtu mmoja. Katika ofisi za Marekani utasikia “a diverse candidate”, wakimaanisha mtu anayetoka katika kundi ambalo limekuwa na uwakilishi mdogo, mwanamke, mtu mweusi, mtu mwenye ulemavu. Wahariri wengi wa Kiingereza wanaipinga matumizi hayo, nami niko upande wao kwa sababu ya sarufi na kwa sababu ya heshima: mtu anageuzwa kuwa sifa ya kundi atakaloingia. Hata hivyo matumizi yapo, na anayesoma tangazo anapaswa kuyajua.

Mwombaji wa Dar es Salaam akiona “diverse candidates are encouraged to apply”, mara nyingi anaelewa kwamba wanatafutwa watu wa fani mbalimbali, au watu wenye ujuzi wa mambo mengi. Anajibu kwenye barua yake, “I am a diverse person”. Alichotaka kusema ni kwamba anamudu kazi nyingi, na hilo kwa Kiingereza ni “versatile”. Anayeisoma barua hiyo ng’ambo anaelewa kwamba mwombaji anajitangaza kuwa wa kundi fulani, bila kulitaja.

Upande wa pili, mtafsiri akiligeuza tangazo hilo kuwa “waombaji mbalimbali wanakaribishwa” atakuwa hajasema kitu. Waombaji siku zote ni mbalimbali. Hapa sheria yetu wenyewe inatupa mfano mzuri wa kuandika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, katika kifungu cha 7, haikutegemea kivumishi. Imeorodhesha kimoja kimoja yale ambayo mwajiri haruhusiwi kumbagua mtu kwayo, yakiwemo kabila, rangi, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, umri na kuishi na virusi vya UKIMWI. Tafsiri ya tangazo ifuate njia hiyo: “Wanawake na watu wenye ulemavu wanahimizwa kuomba”, kama hao ndio wanaokusudiwa.

Na kwenye usaili, ukiulizwa kwa Kiingereza utachangia nini katika “a diverse team”, usianze kuorodhesha vyeti. Wanauliza utakavyofanya kazi na watu walioachana nawe, kwa umri, kwa malezi, kwa namna ya kufikiri. Kijana aliyekulia uani Tandale, choo kimoja familia sita, au aliyekaa bweni moja na wenzake kutoka mikoa kumi, ana jibu la kweli na refu kuliko anavyodhani. Alitoe kwa mfano mmoja wa tukio, amtaje aliyetofautiana naye kwa lipi, na walifanyaje kazi ikaisha. Kama tangazo halikueleza linakusudia kundi gani, barua pepe ya ofisi ya rasilimali watu huwa ipo chini ya tangazo. Unaweza kuwauliza kabla ya siku ya mwisho ya maombi.